Mizani Namba Tatu

1.

Jumapili ya pili ya Septemba, saa tisa na dakika ishirini alasiri, uwanja wa Mkongeni, kona ya pili, mzunguko wa kumi na nne.

Kabla ya hapo Elinami yupo.

Baada ya hapo kuna vumbi. Siku hiyo hapakuwa na upepo, kwa hiyo vumbi lilikaa hewani muda mrefu kuliko desturi, na watu mia nne waliosimama juu ya matuta walingoja litulie ili waone gari jeupe namba 27 limeelekea wapi. Ndeanasia, dada yake, hakuangalia vumbi. Aliangalia ubao. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika mizunguko kwa chaki. Alikuwa ameanza kuandika 14. Moja ilikuwepo. Nne haikuwepo.

2. (Spika la uwanjani)

"Ishirini na saba anaingia kona ya pili, mtazameni mangi huyo, kijana wa mlimani, anakwenda nje, nje, nje kabi—

"Wazazi, shikeni watoto. Narudia. Shikeni watoto wenu.

"Daktari. Daktari popote alipo."

(Muziki unapigwa kwa bahati mbaya. Unazimwa.)

3.

 

 

Namba tatu itakuja. Sio sasa.

4.

Wewe ambaye hujawahi kufika Mkongeni, ngoja uelezwe.

Ni kiwanja cha ndege cha shamba la mkonge lililokufa zamani, kule chini tambarare, mlima ukiwa nyuma yako. Wenye magari walichonga hapo njia ya udongo mwekundu yenye umbo la yai. Mzunguko mmoja ni mita mia tisa. Magari ni gari ndogo za kawaida, zilezile zinazobeba maharusi na wagonjwa, ila zimeng'olewa viti na vioo na kufungwa mabomba ya chuma ndani, kama kizimba cha kuku. Yanakata kushoto tu. Kushoto, kushoto, kushoto, mizunguko ishirini.

Elinami alipenda kuwaeleza watu jambo hili hata kama hawakumuuliza: gari halitaki kukata kona. Likiachiwa, litakwenda moja kwa moja mpaka petroli iishe. Kinacholigeuza ni vipande vinne vya mpira vinavyogusa ardhi, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Viganja vinne tu kwa gari zima. Ukikata kushoto, uzito unamwagika kulia, kama maji ya ndoo unapogeuka ghafla, na kiganja cha mbele kulia ndicho kinachoumia.

"Ukikielemea mno kinachoka," alikuwa akisema, akiwaonyesha kwa mkono wake mwenyewe juu ya meza ya baa. "Kikichoka, unageuza usukani na gari linakutazama tu."

Ndiyo maana gari la mbio za duara hupimwa. Lichukulie kama meza ya miguu minne. Kaza bolti ya springi ya mguu mmoja: mguu huo na ule ulio pembe kwa pembe nao itabeba zaidi, na miwili iliyobaki itapumzika. Pembe muhimu ni mbele kulia na nyuma kushoto. Elinami alitaka pembe hiyo ibebe hamsini na mbili katika kila mia ya uzito wa gari.

Ikiwa hamsini, mkia unatoka.

Ikiwa hamsini na tatu, pua inasukuma. Gari linagoma kukata.

5.

CHAMA CHA MBIO ZA DUARA MKONGENI
KAMATI YA UFUNDI NA USALAMA

YAH: TAARIFA YA AWALI YA AJALI, GARI NAMBA 27

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

(a) Gari lilikaguliwa kabla ya shindano na kuonekana salama.
(b) Uzito wa magurudumu uliwasilishwa na timu kwa maandishi na ulikuwa ndani ya kiwango. Aliyesaini: N. Sawaya, mpimaji.
(c) Mashahidi wameeleza kuwa dereva aliingia kona ya pili kwa kasi na hakugeuka.
(d) Kwa sasa Kamati inaona kuwa ajali ilisababishwa na UZEMBE WA DEREVA.
(e) Kutokana na (d), jina la marehemu halitaandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu wa uwanja.
(f) Mwenye ushahidi tofauti auwasilishe mwenyewe mbele ya Kamati siku ya Jumanne, tarehe 1 Oktoba, saa nne kamili asubuhi. Baada ya hapo uamuzi utakuwa wa mwisho.

Kamati inatoa pole kwa familia.

6. (Msibani, migombani, chini ya turubai)

— Alikuwa na haraka tangu mdogo yule.

— Wameandika kabisa, uzembe. Barua ina muhuri.

— Shh. Mama yake yule pale.

— Mimi nilimwambia Mama Elinami, mtoto aoe, ataacha hayo magari.

— Lete chai huku, hii haina sukari.

— Ati hata usukani hakugeuza.

— Aligeuza.

— Nani kasema?

Aliyesema alikuwa ameshaondoka na birika.

Mchungaji alipofika kumpa mkono mama wa marehemu, mama hakulia. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: "Nimeambiwa mwanangu amejiua kwa uzembe. Ni kweli, mchungaji?"

Mchungaji akaendelea kumshika mkono.

Ndeanasia alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Hatua tatu ni karibu sana. Mtu akiwa hatua tatu hawezi kusema hakusikia.

7.

Ndeanasia Sawaya, miaka ishirini na sita, kidato cha nne, karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika cha Kirongeni. Kazi yake ni kupima kahawa. Mkulima anaweka gunia juu ya jukwaa, karani anasogeza jiwe la mizani, mkono wa chuma unatulia, karani anataja namba kwa sauti, namba inaandikwa. Ghala lina mizani nne. Wakulima wadogo, wenye gunia moja moja, wanapangwa foleni ya namba tatu.

Julai, msimu ulipofunguliwa, katibu alimwita pembeni. Jiwe la mizani namba tatu lilikuwa limetobolewa, likajazwa madini ya risasi, likapakwa rangi upya. Jiwe likiwa zito, kahawa inaonekana nyepesi. Kilo mia zinasomeka tisini.

"Ni msimu huu tu, mama," katibu alimwambia. "Na wewe kazi yako ni kusoma. Si unasoma?"

Anasoma.

Siku ya kwanza aliona aibu. Namba ilimtoka kwa kukwama, na mzee mmoja akamtazama usoni. Kwa hiyo aliuzoeza mdomo. Nyumbani, akichambua mchicha, alijizoeza kutaja arobaini na tano bila kufikiria hamsini. Ilipofika Agosti mdomo wake ulikuwa umeshaiva. Chuma kikisema, mdomo unasema, na kichwani hapapiti kitu.

8.

Agosti hiyohiyo, jikoni kwa mama.

"Nasia, hebu nieleze," alisema Elinami, akila ndizi akiwa amesimama kama kawaida yake. "Kahawa ya mama inatoka hapa hamsini, inafika ghalani arobaini na tano. Njiani inafanya mazoezi ya kupunguza mwili?"

"Mnapima hapa kwa kitu gani? Kwa macho?"

"Kwa mabega yangu, dada. Haya yamebeba magunia tangu darasa la tano."

"Basi mabega yako yameharibika kwa kulala chini ya magari."

Mama alicheka. Elinami hakucheka. Akaiweka sahani yake mezani, akamtazama dada yake.

"Niapie."

"Kaka jamani."

"Niapie kwamba mizani ziko sawa, nisiulize tena."

Akaapa. Kwa kaburi la baba yao, ambalo lilikuwa palepale nje, unaliona ukisimama mlangoni.

"Yameisha," alisema Elinami. "Wewe ukisema, yameisha."

3.

Haya.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, saa kumi jioni, ghala limefungwa. Timu hii haina mizani za umeme za magari. Haijawahi kuwa nazo. Tangu Elinami aanze kukimbia, gari lake limepimwa kwa mizani za kahawa, kila gurudumu juu ya jukwaa lake, yeye mwenyewe ameketi ndani na kofia ngumu kichwani, maana uzito wa dereva nao ni uzito. Fundi Shelukindo anashika spana. Ndeanasia anasoma. Mara zote hizo mizani zilikuwa nne nzima. Hii ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai.

Walilisukuma gari kwa namna lilivyoingia. Gurudumu la nyuma kushoto likapanda juu ya namba tatu.

Alijua. Tusidanganyane hapa: aliliona gurudumu likipanda na alijua. Na alikuwa na njia rahisi kuliko zote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasoma. Angesoma mia moja tisini na nane kwa macho, akataja mia mbili ishirini kwa mdomo. Hakuna ambaye angegundua. Alikuwa amelipanga hilo kichwani kabla hajafika kwenye mkono wa chuma.

"Mbele kushoto?" Fundi akaita.

"Mia mbili tisini."

"Mbele kulia?"

"Mia tatu."

"Nyuma kulia?"

"Mia moja tisini."

"Nyuma kushoto?"

Na mdomo ukasema

mia moja tisini na nane.

Wenyewe. Kama ulivyozoezwa.

"Mmh," Fundi alisema, akahesabu kwa kalamu kwenye kiganja. "Hamsini na moja hiyo. Pembe nyepesi. Tunakaza nyuma kushoto."

Bado kulikuwa na muda. Spana ilikuwa bado haijashika bolti. Alitakiwa kusema maneno manne: namba tatu inasoma pungufu. Lakini nyuma ya maneno hayo manne kulikuwa na swali, inasoma pungufu tangu lini, na nyuma ya swali hilo kulikuwa na gunia la mama, na kaka yake alikuwa ameketi palepale, dirisha halina kioo, anamtazama.

"Vipi Nasia, mbona umeganda? Unanisalia?"

"Nasubiri namba."

Fundi akakaza. Akauliza tena. 285. 305. 185. Nyuma kushoto?

"Mia mbili na tatu."

"Hamsini na mbili! Kama imepimwa na malaika."

Akaandika. Ndeanasia akasaini: N. Sawaya, mpimaji.

Uzito wa kweli wa nyuma kushoto wakati huo: mia mbili ishirini na tano.

Pembe: hamsini na tatu.

9. (Jumapili, saa nne asubuhi, uwanjani)

— Fundi, legeza ile bolti kidogo.

— Kwa nini?

— Nahisi tu.

— Kuhisi ni kwa wapishi, dada yangu. Sisi tuna namba.

— Kidogo tu. Nusu mzunguko.

— Elinami! Njoo umsikie karani wa kahawa, leo amekuwa mhandisi.

— Namba ni zako mwenyewe, Nasia. Au mizani imeanza uongo?

Akacheka Elinami. Akacheka na Fundi.

Na yeye akacheka.

Saa tano Elinami alirudi kutoka mizunguko ya majaribio, akavua kofia, jasho linamtoka. "Inasukuma pua kidogo," alisema. "Nitaizoea."

10.

Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tatu aliandika hivi ubaoni: nusu ya uzito, mara mwendo, mara mwendo tena. Mwendo unahesabiwa mara mbili, alisema, ndiyo maana mwendo ni mbaya kuliko uzito.

Ndeanasia amefanya hesabu hiyo nyuma ya ratiba ya mazishi.

Kilo elfu moja. Mita thelathini kwa sekunde.

Nguvu ya jouli laki nne na nusu.

Zilikuwa zinakwenda wapi? Breki zilichukua. Udongo ukachukua. Magunia ya mchanga yaliyopangwa mbele ya ukuta yakachukua. Zilizobaki haziwezi kupotea, alisema mwalimu, akigonga ubao kwa chaki. Hakuna kinachopotea. Lazima pawe na kitu cha kuzipokea.

Darasa zima liliandika: *lazima pawe na kitu cha kuzipokea.*

11. (Maelezo ya fundi, yaliyochukuliwa na Kamati)

Mimi Shelukindo, fundi wa gari namba 27, nasema kwa akili zangu timamu. Bolti nilikaza mimi. Nilikaza kwa sababu namba zilisema nikaze, na namba alinisomea dada wa marehemu, ambaye hajawahi kukosea hata mara moja. Kama kuna kosa, ni la mkono wangu. Labda spana iliteleza. Sikumbuki kuteleza, lakini mtu hakumbuki kila kitu. Karakana nimeifunga. Sitashika gari la mashindano tena. Mwandike hivyo.

12. Vitu vyenye uzito wa kilo tano

Kuku wawili wakubwa.
Dumu dogo la maji, likijaa.
Mtoto wa miezi miwili. Ndeanasia amempakata wa jirani kuhakikisha.
Kahawa inayokatwa kwenye kila gunia la foleni ya namba tatu.
Ziada aliyobebeshwa kiganja cha mbele kulia.

Je, kilo tano zinaweza kumwua mtu?

Labda udongo haukumwagiwa maji ya kutosha. Labda tairi lilikuwa limechakaa. Wengine walipita kona ileile mizunguko kumi na mitatu, hata Elinami alipita. Labda aligeuza kwa kuchelewa kweli. Labda.

Labda.

Ndeanasia aliliona gurudumu la mbele, ile nukta kabla ya vumbi. Lilikuwa limekatwa kushoto mpaka mwisho. Gari likaenda moja kwa moja.

Hilo halina labda.

13.

Majibu aliyojiandaa kuyatoa, na sababu ya kutoyatoa:

Kwa Kamati: *mizani ilikosea.* Watauliza mizani ya nani.

Kwa Fundi: *si mkono wako.* Atauliza wa nani.

Kwa katibu: hana la kumwambia. Katibu alileta kreti mbili za soda msibani, akamwambia achukue siku zote anazohitaji, namba tatu inamsubiri.

Kwa mama:

14.

Jumatatu, tarehe 30 Septemba, saa tatu asubuhi. Kesho yake ndiyo siku ya Kamati.

Foleni ya namba tatu ilikuwa na watu kumi na moja. Wa sita alikuwa Mama Elinami, na kanga nyeusi ya msiba, na gunia moja. Alikuwa amelibeba mwenyewe. Mabega ya kulibeba hayapo.

Ndeanasia alimwona tangu mapema. Akapima wa kwanza. Akapima wa pili. Mdomo ulifanya kazi yake. Wa tano. Kisha gunia la mama likawa juu ya jukwaa, na mkono wa chuma ukatulia, na mdomo ukafunguka.

"Arobaini na—"

Haukumaliza.

"Arobaini na ngapi, mwanangu?" mama aliuliza. Hakuwa na shaka yoyote. Alikuwa ameshazoea, naye.

Ndeanasia akainama, akalikumbatia gunia, akalibeba mpaka mizani namba moja. Akasogeza jiwe. Chuma kikachelewa kutulia.

"Hamsini," alisema kwa sauti.

"We karani, unacheza?" mtu wa nyuma akaita.

Akalirudisha namba tatu. "Arobaini na tano." Akalipeleka namba moja. "Hamsini." Akalirudisha. Alikuwa anahema. Mzee Ndelilio, aliyekuwa wa saba, alisogea akatazama chuma kwa karibu, miwani mkononi.

"Ala! Kumbe kahawa yetu inafunga saumu ikifika hapa."

Wawili watatu wakacheka. Halafu hakuna aliyecheka.

"Tangu lini?"

"Tangu Julai," Ndeanasia alisema.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mtu alipiga mlango wa ofisi ya katibu. Mtu mwingine alilitupa lile jiwe sakafuni, rangi ikabanduka. Mama mmoja alimwita Ndeanasia jina ambalo halitaandikwa hapa. Mama Elinami peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anazitazama mizani, moja baada ya nyingine, zote nne, kama mtu anayehesabu watoto wake wakirudi kutoka shule. Kisha akamgeukia binti yake, akauliza kwa sauti ileile aliyomuulizia mchungaji.

"Na gari la kaka yako. Mlilipima kwa hizi?"

 

 

 

TANGAZO

Wanachama wote mnatangaziwa kuwa upokeaji wa kahawa katika ghala la Kirongeni UMESIMAMISHWA hadi ukaguzi wa mizani utakapokamilika. Katibu hayupo ofisini. Karani wa mizani amesimamishwa kazi.

 

(Jumanne, mbele ya Kamati)

"Jina?"

"Ndeanasia Sawaya."

"Uhusiano na marehemu?"

"Dada yake. Mimi ndiye niliyepima."

"Unataka kusema nini?"

Akasema. Ilichukua dakika saba. Mwenyekiti aliacha kuandika katikati, akaweka kalamu chini, na Fundi Shelukindo, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alisimama akatoka nje bila kuaga mtu.

"Unajua kilo tano ni kitu kidogo sana," mwenyekiti alisema mwishoni. Alikuwa kama anamsaidia.

"Najua uzito wake."

 

KAMATI YA UFUNDI NA USALAMA
Neno UZEMBE katika kifungu (d) limeondolewa kwa muda. Sababu ya ajali: HAIJATHIBITIKA. Kifungu (e) kitajadiliwa katika kikao kijacho, ambacho tarehe yake haijapangwa.

 

Mama hakumfukuza. Chakula anapika cha watu wawili, anaweka sahani mbili, anakula ya kwake na kutoka nje.

Kahawa ya Kirongeni sasa inapimwa ghala la kata ya jirani. Kwa miguu ni saa moja na nusu, kilima kimoja na mito miwili. Wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama anatangulia. Ndeanasia anafuata nyuma na gunia begani, na wakifika kule analiweka juu ya jukwaa na kurudi hatua tatu nyuma, na anayesoma ni mtu mwingine.